Sura ya Tano: Mkutubi wa Shule Asomee Nini?

Katika shule zetu nyingi, maktaba huangukia mikononi mwa mwalimu mwenye vipindi vichache, au mtumishi yeyote anayeweza kutunza ufunguo. Huandika majina ya walioazima kwenye daftari, hufunga mlango jioni, na kazi huhesabiwa kuwa imefanyika. Sura hii inapinga mazoea hayo. Mkutubi wa shule anahitaji elimu ya aina mbili kwa pamoja, yaani ukutubi na ualimu. Akikosa ya kwanza, vitabu vitakuwepo na visionekane. Akikosa ya pili, vitaonekana ila mwanafunzi hatajua avitumie vipi.

Tuanze na ukutubi, maana ndio unaodharauliwa zaidi. Kuchagua vitabu kwa fedha kidogo, kuviainisha kwa mfumo wa Dewey ili vya sayansi vikae kwenye mia tano na vya historia na jiografia kwenye mia tisa, kutengeneza katalogi, na kuamua kitabu kipi kimepitwa na wakati kiondolewe: hakuna hata moja kati ya hayo linalojifunzwa kwa kukaa karibu na rafu. Mafunzo yake yapo nchini. Chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1989, na wahitimu wake hupata astashahada au stashahada. Kabla ya hapo, Afrika Mashariki ilitegemea shule ya ukutubi iliyoanzishwa Makerere mwaka 1963.

Hata hivyo, stashahada ya ukutubi peke yake haitoshi shuleni. Mwongozo wa maktaba za shule uliotolewa na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, mwaka 2015 unataka maktaba hizo ziongozwe na watu wenye kiwango cha elimu sawa na cha walimu wa darasani. Sababu yake inaeleweka. Mwanafunzi anayeandika juu ya vita vya Maji Maji ataridhika kunakili ukurasa mzima kama hana wa kumwongoza. Mkutubi aliyesomea ualimu humpa maelezo ya watawala wa Kijerumani pamoja na masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1968, kisha humwuliza kwa nini yanatofautiana. Hilo ni somo kamili, na linahitaji mtu anayeujua mtaala na umri wa mtoto aliye mbele yake.

Ushahidi kwamba mtu huyu ana faida umetafutwa. Mwaka 1993, Keith Curry Lance na wenzake walichapisha utafiti wa shule za Colorado, Marekani, ulioonyesha kuwa wanafunzi walifaulu zaidi katika mitihani pale maktaba ilipokuwa na watumishi wengi zaidi na vitabu vingi zaidi. Msomaji makini atasema kwamba huenda shule hizo zilikuwa za matajiri tu. Watafiti walilitazama hilo, wakapima pia hali ya uchumi ya jamii, na uhusiano ule ukabaki. Kweli, uhusiano haujathibitisha chanzo, na Colorado si Kigoma. Lakini mwenye kudai kwamba elimu ya mkutubi haina maana sasa ndiye anayedaiwa ushahidi.

Wapo watakaosema kwamba intaneti imemaliza kazi hii. Kinyume chake, imeiongeza, kwa kuwa mtoto mwenye simu hukutana na habari nyingi kuliko anazoweza kuzipima. Pingamizi zito zaidi ni la fedha: shule isiyo na walimu wa hisabati wa kutosha itamwajirije mkutubi? Jibu si kushusha sifa, bali kupanga hatua. Mwalimu aliyekwisha kuajiriwa apelekwe kusomea astashahada ya ukutubi, na apunguziwe vipindi akirudi. Shule jirani za kata moja zimtumie mkutubi mmoja mwenye stashahada, aliyepewa mafunzo ya ufundishaji. Wenye mamlaka ya kuajiri waanze na hilo, na wazazi waliochangia ujenzi wa maktaba waulize, kabla ya rangi kukauka, nani aliyesomea kazi hiyo atakayekaa ndani yake.