Prostati yenye kuvimba: wakati gani inaomba kupasuliwa, na wakati gani baba anaweza kungojea

Mu familia nyingi za Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika, neno "prostati" linaingia mu nyumba usiku. Muzee anaanza kuamuka mara tatu, mara ine, kwenda choo cha inje, na hasemi kitu. Kisha, siku moja mukojo unakataa kabisa kutoka. Wanamupandisha ku moto mpaka hospitali, wanamuwekea sonde, na munganga anasema: "Huyu baba inaomba apasuliwe." Toka hapo ni vikao vya familia. Watoto wanauliza franga zitatoka wapi, mama anaogopa kisu, na muzee mwenyewe anajiuliza kama atabakia mwanaume.

Uamuzi huo si mwepesi, na kuna makosa mawili yenye kurudia. La kwanza ni kukimbilia kisu wakati dawa ingetosha. La pili, ambalo ni baya zaidi, ni kungojea mpaka kibofu na figo viharibike.

Prostati ni nini?

Ni tezi ya wanaume tu. Iko chini ya kibofu cha mukojo, na inazunguka mushipa ambamo mukojo unapita. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji yenye kubeba mbegu za kiume. Kwa kijana, uzito wake ni gramu 20 hivi. Kisha miaka 40 inaanza kukomaa polepole. Kwa wazee wengine inafika gramu 60, 100, ao hata zaidi.

Jambo hilo si laana, si ulozi, na halitoke ku maisha mabaya ya ujana. Linakuja na umri: karibu nusu ya wanaume wenye miaka 60 prostati yao imevimba, na kwa wale wenye kupita miaka 80 ni karibu wote. Lakini si wote wenye kusumbuliwa nayo.

Si kila prostati ni kansere

Wakongomani wengi wanakumbuka kama Maréchal Mobutu alipasuliwa kule Lausanne, Uswisi, mwaka wa 1996, na alikufa Rabat, Maroko, mwezi wa tisa 1997. Ugonjwa wake ulikuwa kansere ya prostati. Ndiyo maana watu wengine, wakisikia tu "prostati", wanaanza kulia matanga.

Ukweli ni kama kuvimba kwa kawaida na kansere ni magonjwa mawili. Prostati yenye kuvimba kwa kawaida haigeuke kansere. Lakini mutu mumoja anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo munganga anapashwa kuchunguza. Anaingiza kidole ku njia ya haja kubwa ili asikie kama tezi ni laini ao ngumu kama jiwe. Wazee wengi wanakataa juu ya haya, lakini inachukua tu sekonde chache. Kama inawezekana, wanapima pia damu, kipimo chenye kuitwa PSA. Kikiwa juu si lazima iwe kansere: hata mukojo wenye kufungana, microbe mu mukojo, ao sonde vinaweza kukipandisha.

Ukubwa peke yake hauamue

Watu wengi wanarudia na karatasi ya ekografi na kusema: "Prostati iko gramu 70, basi lazima kupasua." Hapana. Kuna muzee wa gramu 80 mwenye kukojoa muzuri, na mwingine wa gramu 35 mwenye kuteseka. Kitu chenye kuamua ni shida yenyewe, na kama inaharibu mwili.

Ili kupima shida hiyo, wanganga wa inchi nyingi wanatumia maulizo 7, kuhusu mwezi moja wenye kupita. Je, kisha kukojoa unasikia kama mukojo umebakia? Unarudia kukojoa mbele ya saa mbili kupita? Mukojo unakatika na kuanza tena? Unashindwa kuuzuia? Unatoka bila nguvu? Inaomba kusukuma ili uanze? Na usiku unaamuka mara ngapi? Kila ulizo linapewa pointi 0 mpaka 5. Kama jumla ni 0 mpaka 7, shida ni ndogo. Kutoka 8 mpaka 19 ni ya katikati. Kutoka 20 mpaka 35 ni kubwa. Kisha kunakuja ulizo la mwisho: kama ungebakia hivi maisha yako yote, ungejisikia namna gani? Jibu la ulizo hilo ni la muzee mwenyewe, wala si la watoto wala la munganga.

Wakati anaweza kungojea

Kama shida ni ndogo na figo ni nzima, hakuna haraka. Muzee anapunguza kunywa chai, kahawa na pombe magaribi, anakojoa mbele ya kulala, na anarudi kupimwa mara moja ku mwaka. Ajichunge na dawa za mafua zenye kuuzwa bila karatasi ya munganga: zingine zinaweza kufungia mutu mukojo kabisa.

Kama shida ni ya katikati, mara nyingi wanaanza na dawa. Tamsulosini inalegeza mishipa ya njia ya mukojo, na mutu anasikia nafuu kisha siku chache ao wiki chache. Inaweza kuleta kizunguzungu wakati wa kusimama, kwa hiyo muzee aamuke polepole. Dawa ingine, finasteride, inapunguza ukubwa wa prostati, lakini inaomba uvumilivu wa miezi 6 hivi, na kwa wengine inapunguza hamu ya tendo la ndoa. Mwanamuke mwenye mimba hapashwi kugusa kidonge chake chenye kuvunjika.

Dawa hizo hazimalize ugonjwa. Muzee akiziacha, shida inarudi. Familia inapashwa kuhesabu: dawa ya kila siku, kwa miaka, inaweza kufika bei ya upasuaji moja. Na mizizi yenye kuuzwa ku soko haina kipimo chenye kujulikana. Hatari yake kubwa ni kumupotezea mugonjwa wakati.

Wakati kungojea ni hatari

Kuna hali ambamo munganga akisema "tupasue", kwa kawaida ana sababu ya nguvu:

- mukojo umefungana, na kila mara wakitoa sonde unafungana tena;
- figo zinaanza kuharibika juu ya mukojo wenye kurudi nyuma;
- kuna mawe mu kibofu;
- microbe mu mukojo zinarudi kila wakati hata kama anatunzwa;
- damu inatoka mara kwa mara mu mukojo juu ya prostati;
- dawa zimeshindwa na muzee anateseka.

Hata hivyo, mutu akifungana mara ya kwanza si lazima apasuliwe palepale. Mara nyingi wanamuwekea sonde, wanamupa tamsulosini siku chache, kisha wanajaribu kuitoa. Wengine wanakojoa tena wenyewe. Familia ina haki ya kuuliza kama jaribio hilo limefanywa.

Kuna pia kufungana kwenye hakuumize. Kibofu kinajaa polepole, tumbo la chini linavimba, mukojo unadondoka dondo dondo, na muzee anafikiri angali anakojoa. Wakati huo figo zinakufa kimya. Na kibofu chenye kunyooka kwa muda murefu kinachoka: hata kama wanatoa prostati, nguvu inaweza isirudi. Hapo ndipo familia inasema "walimupasua bure", kumbe walichelewa.

Kukaa na sonde mwaka nzima

Juu ya kukosa makuta, ao barabara yenye kufungwa na vita, wazee wengi wanabakia na sonde miezi na miezi. Sonde inaokoa maisha, lakini haiponyeshe. Inaomba kubadilishwa kila wiki 4 mpaka 12 kufwatana na aina yake. Ikipita muda inaziba, inaleta microbe, na homa yake inaweza kuua. Mufuko wa mukojo ubakie chini ya kibofu lakini usiguse udongo, na mutu anawe mikono mbele ya kuugusa. Kwa muzee asiyeweza kuvumilia kisu, sonde yenye kuchungwa muzuri ni chaguo la kweli. Kwa yule mwenye nguvu, ni daraja tu la kumufikisha ku upasuaji.

Wanapasua namna gani?

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kupitisha chombo mu njia ya mukojo na kukata prostati vipande vipande, bila kufungua tumbo. Muzee anatoka hospitali mapema, lakini inaomba mashine na munganga mwenye kuifundishwa, na si kila hospitali iko navyo. Ya pili ni kufungua tumbo la chini na kutoa sehemu yenye kuvimba kwa kidole kupitia kibofu. Njia hii ni ya zamani: munganga Peter Freyer aliitangaza kule London mwaka wa 1901. Lakini ingali nzuri, zaidi kwa prostati kubwa sana. Mugonjwa anabakia hospitali karibu wiki moja, na sonde inabakia siku nyingi kidogo.

Mara nyingi wanamuchoma sindano mu mugongo ili asisikie maumivu kutoka kiuno mpaka miguu, bila kumulalisha. Hatari kubwa ni kutoka damu nyingi. Kwa hiyo familia itafute watu wa kutoa damu mbele ya siku ya upasuaji, si usiku wake. Kama muzee iko na tensio ao sukari, itulizwe kwanza. Kama figo zimechoka, wanamuachia sonde siku kadhaa ili zipumuzike. Na kama anakunywa aspirini, amuambie munganga mapema.

Je, atabakia mwanaume?

Ulizo hili linaulizwa kwa sauti ya chini, ao haliulizwe kabisa. Jibu linapashwa kusemwa wazi. Kwa wengi, nguvu ya kusimama inabakia vile ilikuwa mbele ya upasuaji. Kwa wachache inapunguka. Kitu chenye kubadilika kwa zaidi ya nusu ya wanaume ni maji: wakati wa raha, hayatoke inje, yanarudi mu kibofu na kutoka baadaye na mukojo. Haiumize, na raha inabakia. Lakini mwanaume mwenye kutaka kuzaa tena amuambie munganga mbele. Na bibi naye aambiwe, asifikiri kama bwana anamuficha kitu.

Wiki za kwanza mukojo unaweza kuponyoka. Kwa wengi inapita, kwa wachache sana inabakia. Kwa wiki 4 mpaka 6 hakuna kulima, hakuna kubeba muzigo, hakuna kinga wala chukudu, na tendo la ndoa linangojea. Anakunywa maji ya kutosha. Kama damu mingi inatoka, kama mukojo unafungana ao homa inapanda, arudi hospitali mara moja. Na kwa kuwa ganda la prostati linabakia, kansere inaweza kuja baadaye: kupimwa kunaendelea.

Maulizo ya kumupelekea munganga

Familia iketi na munganga na muzee akiwa pale, kisha iulize:

- Kuna sababu gani ya kupasua sasa? Tukingojea miezi 6, nini kinaweza kuharibika?
- Figo zake zimepimwa? Kansere imechunguzwa?
- Dawa zimejaribiwa, na kwa muda gani?
- Mutatumia njia gani, na nani atapasua? Amekwisha kuifanya mara nyingi?
- Bei yote ni ngapi, pamoja na damu, dawa, chumba na kutoa sonde?

Ulizo la mwisho ni zito. Watu wengi wanajua familia zenye kulipa upasuaji, kisha mugonjwa anazuiliwa mu hospitali juu ya deni la vingine. Heri kuomba bei yote ku karatasi, na kuuliza kama mutuelle ya afya inasaidia ao kama wanakubali kulipa kidogo kidogo.

Kama munganga anasema hakuna haraka, kutafuta munganga mwingine wa kusikiliza si kumudharau. Lakini kama figo zimeguswa, vikao vya familia visipite wiki nyingi. Watoto wanaweza kutafuta makuta na kutoa damu. Kusema ndiyo ao hapana ni kwa muzee mwenyewe, kisha kuelezwa yote haya mu luga anayosikia.