Masteri Gani kwa Migomba ya Masisi?

Mwaka 2001 migomba ya Masisi, kwenye milima iliyo kaskazini magharibi ya Goma, ilianza kunyauka kwa namna ambayo wakulima hawakuwa wameizoea. Majani yaligeuka manjano na kulegea, mikungu ikaiva kabla ya wakati wake, na ndizi ikipasuliwa ilikuwa ya kahawia ndani. Ukikata shina la mgomba wa hivyo na kungoja dakika chache, matone mazito ya manjano hafifu hutoka kwenye jeraha. Matone hayo yamejaa bakteria wa jamii ya Xanthomonas, walioelezwa na wanasayansi mwaka 1968 huko Ethiopia kwenye enseti, ndugu wa mgomba, na mwaka 1974 kwenye mgomba wenyewe. Kwa zaidi ya robo karne walijulikana Ethiopia tu, kisha 2001 wakaonekana Uganda na Kivu Kaskazini. Mapambano dhidi ya ugonjwa huu, ambao majirani zetu wa Rwanda huuita kirabiranya, yananipa sababu ya kudai kwamba mafunzo ya uzamili ya sayansi ya mimea mjini Goma yapangwe kwa kufuata tatizo lililoko shambani. Kuta za idara zisiyagawe.

Ushauri wa kwanza uliwafikia wakulima kutoka kwa wataalamu wa magonjwa ya mimea, nao kwa kipimo cha maabara ulikuwa sahihi kabisa. Bakteria huhamia mgomba mzima kupitia panga lililokata mgonjwa, kupitia machipukizi yanayochukuliwa kwa jirani, na kupitia wadudu wanaotembelea ua dume linaloning'inia chini ya mkungu. Basi liondoe ua kwa kijiti chenye panda, choma panga motoni au lioshe kwa jiki, na shina lililougua ling'oe lote, pamoja na machipukizi yake. Mambo mawili ya kwanza yalikuwa rahisi kiasi. La tatu liligonga mwamba. Kung'oa shina zima la migomba ni kazi ya jembe ya saa nyingi, na mara nyingi inamwangukia mwanamke ambaye tayari ana maji, kuni na watoto. Tena, kwenye shina lilelile kuna migomba inayoonekana mizima, yenye mikungu ya kuliwa au ya kukamuliwa kasiksi, pombe ya ndizi, na kasiksi ndiyo inayolipa karo na dawa. Wakulima wengi hawakung'oa. Kwa miaka kadhaa kukataa kwao kulihesabiwa kuwa ukaidi au ujinga, jambo ambalo kwangu ni kosa la kisayansi kabla hata halijawa kosa la adabu.

Njia ilipatikana pale kukataa huko kulipochukuliwa kama taarifa ya kuchunguzwa. Watafiti waligundua kwamba bakteria hawaenei kila mahali ndani ya shina. Machipukizi mengi ya mgomba mgonjwa hubaki bila dalili na huzaa. Kutokana na hilo likaja pendekezo jipya: kata mgomba ulioonyesha dalili peke yake, usawa wa ardhi, mara tu unapouona, na urudie kila mara bila kuchoka. Majaribio ya mashariki mwa Kongo, ambayo watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA kilichoko Mulungu, Kivu Kusini, walishiriki, yalionyesha kwamba ugonjwa hushuka sana huku familia ikiendelea kuvuna. Ilibidi elimu ya bakteria, ya mmea na ya kazi za nyumbani zikae meza moja.

Mwinuko wa nchi nao una neno lake. Juu ya mita 1,700 hivi maambukizi yanayoletwa na wadudu hupungua sana, kwa hiyo huko kuondoa ua dume kuna faida ndogo kuliko kusafisha panga. Goma iko karibu na mita 1,500, na milima ya Masisi hupanda juu zaidi ya hapo. Bango moja la ushauri likibandikwa kote, kuna mahali litawachosha watu bure.

Hapa nchini wazo la masomo ya namna hii si geni. ERAIFT, shule ya uzamili iliyoanzishwa mwaka 1999 kwa ushirikiano na UNESCO katika Chuo Kikuu cha Kinshasa, huwakutanisha wanaikolojia, wanauchumi na wanasosholojia kuhusu misitu ya tropiki. Lakini mwanafunzi wa Goma huifikia Kinshasa kwa ndege, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mji huo ulipotekwa Januari 2025. Vyuo vya hapa, UNIGOM na ULPGL vikiwemo, viko karibu na mashamba yenyewe, na mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) unaruhusu kozi kuunganishwa kwa krediti bila kujenga kitivo kipya.

Wapo wanaosema mshika mbili moja humponyoka: masteri ya kuchanganya itatoa watu wanaojua kidogo cha kila kitu. Hofu hiyo ina msingi, nami siitetei programu ambayo mwanafunzi haiva katika fani yoyote. Kila mmoja awe na fani yake, awe wa bakteria au wa udongo, ila tasnifu yake isimamiwe na walimu wa idara mbili na ijibu swali moja la shambani. Wengine hutegemea jeni: huko Kawanda, Uganda, migomba iliyopandikizwa jeni za pilipili hoho ilianza kujaribiwa shambani mwaka 2010 kwa kazi ya taasisi za utafiti wa kilimo NARO na IITA. Ni sayansi ninayoiheshimu. Hata hivyo mche huo nao utahitaji sheria, mtu wa kuuzalisha, na mnywaji wa kasiksi atakayekubali ladha yake.

Pingamizi zito kuliko yote ni vita: utafiti gani bila maabara na bila usalama? Nakubali kwamba vifaa vya gharama havitadumu. Ila maswali yanayoitesa Masisi sasa mengine huanza na daftari, ramani na mahojiano. Kukata mgomba mgonjwa mapema kunahitaji mtu awepo shambani kila wiki, na maelfu ya familia zimekimbia mashamba yao. Je, ugonjwa umeendaje katika migomba iliyoachwa, na wanaorudi wanachukua machipukizi ya kupanda kutoka wapi? Mtaalamu wa bakteria hawezi kulijibu swali hilo peke yake, wala mtaalamu wa wakimbizi. Wanafunzi wawili wa masteri wenye wasimamizi wa idara mbili wanaweza kulianza msimu ujao wa kupanda.