Fitasi: Kimeng'enya kinachofungua fosforasi katika chakula cha kuku na nguruwe

KUKU anaweza kula chakula chenye fosforasi tele, na bado miguu yake ikalegea kwa kuikosa. Hali hiyo, inayofanana na fumbo, ndiyo iliyowafanya watengenezaji wa chakula cha mifugo duniani wageukie fitasi, kimeng'enya kinachozalishwa kwa kutumia kuvu na bakteria.

Fosforasi ni madini ambayo, pamoja na kalsiamu, hujenga mifupa. Mahindi, pumba na mashudu ya soya au alizeti, ambavyo ndivyo sehemu kubwa ya chakula cha kuku na nguruwe, vina madini hayo kwa wingi.

Tatizo ni kwamba takriban theluthi mbili ya fosforasi hiyo imefungwa ndani ya asidi ya fitiki. Asidi hiyo ni akiba ya mmea, ambayo mbegu huitumia wakati wa kuota.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawapati taabu, kwa kuwa vijidudu vilivyomo katika tumbo lao la kwanza hutengeneza fitasi inayoivunja asidi hiyo. Kuku na nguruwe hawana msaada huo wa kutosha. Tena, asidi ya fitiki hushikana na zinki, chuma na kalsiamu, na kuvizuia visifyonzwe mwilini.

Kwa miaka mingi suluhisho lilikuwa kuongeza unga wa mifupa au fosfeti inayotokana na miamba. Kwa njia hiyo mfugaji hulipia fosforasi mara mbili: ile iliyomo katika nafaka, ambayo mnyama hawezi kuitumia, na ile ya kuongeza.

Ile isiyotumika hutoka na kinyesi. Ikisombwa na mvua hadi mitoni na maziwani, hustawisha mwani kupita kiasi. Mwani huo unapokufa na kuoza, oksijeni hupungua majini na samaki hufa.

Uholanzi yatangulia

Nchi iliyoonja mapema adha hiyo ni Uholanzi, yenye eneo dogo na mifugo mingi. Katika miaka ya 1980 samadi ya nguruwe na kuku ilizidi uwezo wa mashamba kuipokea, na kuanzia mwaka 1987 sheria iliweka ukomo wa fosfeti inayomwagwa shambani kwa njia ya samadi.

Fitasi haikuwa ngeni kwa wanasayansi, kwani watafiti wa Japani waliigundua katika pumba za mpunga mwaka 1907. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kuizalisha kwa wingi na kwa bei nafuu.

Mwaka 1991 fitasi ya kwanza ya kibiashara, Natuphos, iliingia sokoni nchini Uholanzi. Ilizalishwa kwa kutumia jeni ya kuvu aina ya Aspergillus. Baadaye zilifuata fitasi zinazotokana na bakteria, wakiwamo Escherichia coli.

Mahitaji yalizidi baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku, kuanzia Januari 2001, unga wa nyama na mifupa katika chakula cha mifugo kutokana na ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe.

Faida haiji yenyewe

Kipimo cha kawaida ni uniti 500 za fitasi katika kila kilo ya chakula. Kwa kiasi hicho, fosforasi inayotoka na kinyesi huweza kupungua kwa karibu theluthi moja.

Hata hivyo, kimeng'enya hicho hakiongezi fosforasi. Hufungua tu ile iliyopo. Mtengenezaji akitia fitasi bila kupunguza fosfeti ya madini, gharama hubaki palepale na uchafuzi hauishi. Akipunguza fosfeti pasipo fitasi ya kutosha, mifugo hudhoofu mifupa.

Chokaa ikizidi, kazi ya fitasi hufifia. Joto nalo ni adui: chakula kinapotengenezwa vidonge hupitishwa katika mvuke wenye nyuzi 70 hadi 90, na fitasi isiyokingwa huharibika. Ndiyo maana baadhi hufunikwa kwa utando maalumu, na nyingine hunyunyizwa vidonge vikishapoa.

Hivyo, jina la fitasi juu ya gunia pekee halimtoshi mfugaji. La muhimu ni kujua imetiwa kiasi gani, na kama iliyotiwa kiwandani bado i hai chakula kinapofika bandani.