Watoto wa Bendi ya Jazi

Katika miji mingi ya Marekani, kabla kengele ya asubuhi haijalia, sauti za tarumbeta na ngoma husikiwa zikitoka katika chumba kimoja cha shule. Wapigaji ni watoto wa shule ya kati, yaani wa darasa la sita mpaka la nane, wenye umri wa miaka 11 hata 14. Wengi wao hupiga mchana katika bendi kubwa ya shule pamoja na wenzao wote. Bendi ya jazi ni ya wale waliotaka kuongezewa kazi, na kwa kuwa mara nyingi haina nafasi katika saa za masomo, hawana budi kuamka mapema.

Jazi ni muziki uliozaliwa kwa watu weusi wa New Orleans, mji ulio karibu na mahali mto Mississippi unapoingia baharini, yapata mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Jina hilo si geni kwetu. Bendi za dansi za Tanganyika, kama Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, zilijiita kwalo, ingawa dansi zilizopiga zilikuwa na njia yake nyingine. Hapa twasema habari za jazi yenyewe.

Basi na tuingie chumbani tuwaone walivyokaa. Mbele pana safu ya saksafoni, kwa kawaida tano. Ala hii ilibuniwa na Adolphe Sax, fundi wa Ubelgiji, aliyeiandikisha kwa jina lake huko Ufaransa mwaka 1846. Imetengenezwa kwa shaba, lakini wajuzi huihesabu pamoja na jamaa za zumari, kwa kuwa sauti yake hutoka katika ulimi mwembamba wa tete utetemekao kinywani mwa mpigaji. Nyuma ya saksafoni wako wapiga tromboni, na nyuma kabisa wamesimama wa tarumbeta. Kando pana piano, gitaa, besi na ngoma.

Tromboni yastahili kutazamwa kidogo. Tarumbeta ina vitufe vitatu vya kubonyeza, bali tromboni ya kawaida haina hata kimoja. Mpigaji husukuma bomba mbele na kulirudisha, na pana mahali saba pa kusimamisha mkono, wala bomba halina alama yo yote ya kumwonyesha. Sikio lake ndilo alama. Mahali pa saba pako mbali sana, hata mtoto wa miaka 11 mara nyingi hujinyosha mpaka bega likamwuma asipafikie. Mwalimu mwenye huruma humchagulia nyimbo zisizofika huko, akamngoja akue.

Lakini jambo linalowashinda watoto wote kwanza ni mwendo. Pigeni makofi mkihesabu moja, mbili, tatu, nne. Wengi wetu hukaza kofi penye moja na tatu, kama askari watembeao. Katika jazi kofi hulia penye mbili na nne. Jaribuni kwa dakika moja bila kukosa, nanyi mtaona kazi yake. Tena kila pigo hugawanywa nusu mbili zisizolingana, ya kwanza ndefu na ya pili fupi, kama hatua za mtu achechemeaye. Mwendo huu waitwa swingi. Katika karatasi noti zimeandikwa kana kwamba zote ni za urefu mmoja, na mpigaji mwenyewe hujua kuzirefusha na kuzifupisha. Hujifunza kwa kusikiliza wakubwa, kama mtoto ajifunzavyo matamshi ya kwao.

Katika safu yake kila mtoto hutakiwa asisikike peke yake. Yule wa tarumbeta ya tatu hapewi wimbo wenyewe. Hupewa sauti ya katikati ambayo wasikilizaji hawataitambua. Hata hivyo asipokuwapo, muziki wote husikika kama nyumba iliyoondolewa nguzo. Mtoto akijisikia mwenyewe kuliko jirani yake, ajue kwamba anapuliza kwa nguvu mno.

Kisha hugeuziwa mambo. Mwalimu humwonyesha kidole, naye sharti asimame peke yake, abuni wimbo wake papo hapo, pasipo kitu kilichoandikwa mbele yake. Mara nyingi huanzia katika bluzi yenye vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Chini yake wenziwe hushika njia isiyobadilika: vipimo vinne juu ya do, viwili juu ya fa, viwili do tena, kimoja so, kimoja fa, na viwili vya mwisho hurudi nyumbani kwa do. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, safari yote ni sekunde 24. Kwa aliyeketi, huo ni muda mfupi. Kwa mtoto wa miaka 12 aliyesimama mbele ya wazazi na wenziwe, magoti yakimtetemeka, ni mrefu ajabu.

Walimu wenye akili humpa kwanza sauti tatu tu, wakamwambia azipange apendavyo, na anyamaze kidogo katikati ili apate kuwasikia wenziwe. Sauti mbaya ikimponyoka, hasimami. Huirudia kwa makusudi, na wasikilizaji hudhani ndivyo alivyotaka.

Katika waliowafundisha watu kusimama hivi, hapana aliyempita Louis Armstrong, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1901. Usiku wa kuamkia mwaka 1913, akiwa na miaka 11, alipiga bastola barabarani kwa furaha ya sikukuu. Polisi walimkamata, akapelekwa katika nyumba ya kulelea wavulana weusi. Palikuwa na bendi hapo, lakini mwalimu wake, Peter Davis, hakumwamini upesi. Mwanzo alimpa tari tu. Baadaye baragumu, kisha koneti, ndugu mdogo wa tarumbeta. Na mwishowe akamfanya kiongozi wa bendi. Waliyopiga humo hayakuwa jazi bali nyimbo za kutembea kwa safu. Armstrong alitoka mwaka 1914, na katika miaka ya 1920 sahani zake za santuri zilizotiwa sauti Chicago ziliwaonyesha watu kwamba mpigaji mmoja aliyesimama aweza kuwa moyo wa wimbo mzima.

Sasa vipimo 12 vimekwisha. Mtoto hushusha tarumbeta, hufuta mdomo, watu hupiga makofi hata kabla wimbo haujaisha, maana ndivyo desturi ya jazi ilivyo. Lakini hana nafasi ya kuwatazama. Ngoma haikusimama, kidole cha mwalimu kimekwisha kumwelekea msichana wa tromboni, na tarumbeta ya tatu yangojewa safuni.