Betri ya taa ya dagaa inapokufa, dhima ni ya nani?

WATU wa Kiriba, na wa vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Victoria mkoani Mara, wanajua kwamba dagaa hufuata mwanga. Kwa miaka mingi mvuvi aliyeingia ziwani usiku wa giza alibeba karabai za mafuta ya taa. Siku hizi karabai hizo zimepungua, na mahali pake pamechukuliwa na taa za betri, nyingine zikichajiwa kwa sola mchana. Hilo ni jambo jema. Mvuvi amepumzika moshi na gharama za mafuta, na ziwa limepumzika kumwagikiwa.

Lakini betri nayo ina umri wake. Baada ya mwaka mmoja au miwili, pengine mitatu ikitunzwa, hushindwa kushika chaji. Hapo ndipo lilipo swali letu la leo, ndugu msomaji: inapokufa, dhima yake hubaki shingoni mwa nani?

Betri ya aina ile ya gari au pikipiki, zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, na maji yaliyomo ndani ni tindikali. Kwa sababu risasi ina bei, betri hiyo haitupwi. Hununuliwa na wafanyabiashara wa vyuma chakavu, nao wengi wao huipendelea ikiwa imekwisha kumwagwa maji yake, maana huwa nyepesi na haiharibu mzigo njiani. Basi muuzaji huifungua na kuimwaga papo hapo. Ikiwa amesimama mwaloni, huimwaga kwenye mchanga ule ule ambao kina mama huanika dagaa na watoto huuchezea.

Tindikali ile haiendi peke yake, bali huchukua chembe za risasi. Na risasi haiozi, wala haichomwi ikaisha. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama mwilini, na kwamba mtoto mdogo hufyonza kile alichokimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Hudhoofisha akili yake kabla hajaanza kusoma. Mama mjamzito humpitishia aliye tumboni. Mzazi asitarajie kuona dalili mapema, kwa kuwa mtoto hatapiga kelele. Atakuwa mzito wa kuelewa tu, na watu watasema ndivyo alivyozaliwa.

Maji ya ziwa hili pia si ya wavuvi peke yao. Kutoka Mugango yanavutwa kwa mabomba hadi Kiabakari na Butiama, kwa watu ambao hawajapata kushika wavu.

Wanazuoni wetu wa fiqhi hawakungoja betri zivumbuliwe ndipo walizungumzie jambo hili. Njia, kivuli na maji ya watu ni haki ya umma, na kuyachafua ni dhulma. Tena katika mlango wa dhamana wamefundisha kwamba anayeharibu mali ya mwenzake hulipa hata kama hakukusudia. Kutokukusudia humwondolea mtu dhambi, hakumwondolei deni.

Huenda msomaji akasema: basi risasi ikisafirishwa kwenda kiwandani kuyeyushwa upya, tatizo limekwisha. Hapana. Ni mbali na Kiriba, lakini yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa, yanatuhusu. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ukutani mwa makazi ya watu. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi mwilini. Akaacha kazi na kuanza kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikaitengua amri hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi, na ni watoto wangapi wamekua katika muda huo.

Kwa hiyo kuchakata upya ni ibada au ni balaa kutegemea nani anafanya na wapi. Tanzania ina kanuni za mwaka 2021 juu ya taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na anayezikusanya au kuzichakata anatakiwa kuwa na kibali. Kanuni ni nzuri. Ila mvuvi wa Kiriba hamjui mwenye kibali. Anamjua kijana wa baiskeli mwenye mizani.

Hapa tunataka kusema na watengenezaji na wauzaji. Ziko kampuni zinazouza taa za sola kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Zinalo jina la mteja, namba yake na kijiji chake. Asipolipa, taa huzimwa kutoka mbali, na wakala hufika mlangoni hata kama njia ina tope. Kampuni yenye uwezo wa kumfuata mtu kwa deni la shilingi elfu chache haiwezi kutuambia kwamba imeshindwa kuifuata betri yake ilipokufa.

Na zile taa ndogo na simu ndizo mtihani zaidi, kwa kuwa betri zake za lithiamu hazina mnunuzi kijijini. Huishia shimoni au motoni, na zikitobolewa hulipuka. Tukumbuke Juni 2016, simu bandia zilipofungiwa nchini: zilizimwa kwa siku moja, lakini miili yake ilibaki majumbani mwetu. Duniani kote mwaka 2022 zilizalishwa tani milioni 62 za taka za namna hii, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo.

Mnunuzi naye hana udhuru wote. Anayenunua taa leo, Musoma mjini au Bunda, amuulize muuzaji kabla ya kutoa fedha: ikifa, niirudishe wapi? Wakiuliza wanunuzi ishirini kwa wiki, muuzaji atalazimika kumuuliza aliyemletea.

Hadi jibu lipatikane, betri kuukuu ikae nzima na wima juu ya ubao, vifuniko vyake vimefungwa, penye kivuli, mbali na jiko, kisima na watoto. Iuzwe ikiwa na maji yake, hata kwa bei pungufu. Simu iliyovimba betri isichajiwe tena wala isitobolewe. Na mwenye kumwagikiwa na tindikali aoshe kwa maji mengi, kisha nguo zile zisichanganywe na za mtoto.