Jibu la Seva Linalosomwa Kipande kwa Kipande

Programu ya wavuti, yaani programu inayotumiwa kupitia kivinjari bila kusakinishwa kwenye simu au kompyuta, hutegemea maombi na majibu. Kivinjari hupeleka ombi kwa seva, ambayo ni kompyuta inayotunza taarifa na kuzitoa zinapohitajika, nayo seva hujibu kwa kufuata itifaki ya HTTP, ambayo ni kanuni za mawasiliano zilizobuniwa na Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN. Hapo awali kila ombi jipya lilimlazimu mtumiaji kusubiri ukurasa mzima upakiwe upya, hadi mwaka 1999 Microsoft ilipoweka katika kivinjari chake cha Internet Explorer 5 nyenzo iliyouwezesha ukurasa kuomba data huku mtumiaji akiendelea na shughuli zake. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na nyenzo iitwayo Fetch, iliyoanza kuingia katika vivinjari vikuu mwaka 2015.

Jibu la seva huja kwa awamu mbili: kwanza hufika utangulizi wenye namba ya hali, kama vile 200 inayoonyesha mafanikio au 404 inayoonyesha kuwa kinachotafutwa hakipo, kisha hufuata kiini chenye data yenyewe. Fetch hutoa taarifa mara tu utangulizi unapofika, na hulihesabu ombi kuwa limekamilika vyema hata kama namba iliyokuja ni 404 au 500, kwa kuwa kwake kushindwa ni pale mawasiliano yenyewe yanapokatika; kwa hiyo mtayarishaji wa programu asiyekagua namba hiyo hujikuta akimwonyesha mtumiaji ujumbe wa hitilafu kana kwamba ni data halali.

Kiini cha jibu kinaweza kusubiriwa hadi kikamilike, au kusomwa kama mkondo, yaani mfululizo wa vipande vinavyoshughulikiwa kadiri vinavyowasili. Njia ya pili ina manufaa makubwa kwa mwenye simu ya kumbukumbu ndogo na mtandao dhaifu, kwani safu za mwanzo za orodha ndefu ya matokeo ya mtihani huonekana wakati zilizobaki zingali njiani, wala simu hailazimiki kubeba orodha nzima kwa mara moja. Ndiyo njia inayoziwezesha programu za akili mnemba kuonyesha majibu yao neno baada ya neno.

Hata hivyo, mtandao hukata vipande hivyo bila kujali maana ya kilichomo, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Katika UTF-8, mfumo wa kuwakilisha maandishi uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, kila herufi ya kawaida ya Kiswahili huchukua baiti 1, lakini ritifaa iliyopinda, ile inayopatikana katika vitabu vilivyochapishwa, huchukua baiti 3. Neno ng’ombe likiandikwa hivyo lina baiti 9, na kipande kikikatika baada ya baiti ya tatu, n na g huwa zimefika salama, ilhali ritifaa imefika theluthi yake tu. Programu inayofasiri kila kipande peke yake itaweka alama za maulizo mahali pa ritifaa, na neno litaharibika ingawa hakuna hata baiti moja iliyopotea. Dawa yake ni kutumia kifasiri kinachohifadhi baiti zilizobaki hadi kipande kinachofuata kifike, kama ifanyavyo TextDecoder, nyenzo ya lugha ya programu ya JavaScript, inapoelezwa kwamba data bado inaendelea kuja. Kosa hili hujificha wakati wa majaribio, kwa kuwa majibu mafupi kwa kawaida hufika yakiwa kipande kimoja, kisha hujitokeza kwa mtumiaji.

Kanuni hiyohiyo huhusu kumbukumbu za data, yaani rekodi moja moja za orodha: ni vyema seva iandike kila kumbukumbu katika mstari wake, na programu ishughulikie mistari iliyokamilika pekee huku ikiweka kando mstari wa mwisho ambao haujakamilika. Pia programu inayosoma mkondo ikizidiwa, isome polepole tu, kwani nafasi ya kupokelea inapojaa mtumaji husimamishwa na itifaki zilizo chini ya HTTP.

Jambo lililo gumu zaidi ni hitilafu inayotokea katikati ya mkondo, kwa sababu namba 200 huwa imekwisha kutumwa na haiwezi kurudishwa. Orodha iliyokatika kwenye mpaka wa mstari huonekana kamili machoni pa msomaji, na mwanafunzi asiyeona jina lake anaweza kudhani kwamba hakufanya mtihani. Kwa hiyo seva inapaswa kufunga mkondo kwa mstari unaotaja idadi ya kumbukumbu zote zilizotumwa, na programu isipoupata mstari huo iseme waziwazi kwamba orodha haijakamilika, kisha iombe upya.