Kilimanjaro na watoto: Ipime safari kwa miguu ya mdogo

Kila Desemba mabasi yanayoelekea Moshi hujaa watoto. Wakifika kwa babu na bibi, mlima wanauona kutoka uani asubuhi mawingu yakifunguka, wanapigwa picha, kisha siku zilizobaki zinaishia kwenye nyama choma, wageni na simu. Wengi hurudi mjini bila kuukanyaga mlima wenyewe.

Wazazi wengi huamini Kilimanjaro ni ya watalii wenye mahema na wapagazi. Hilo ni kweli kwa kilele, mita 5,895, ambako mtoto wa chini ya miaka 10 haruhusiwi. Lakini familia haihitaji kilele. Miteremko ya chini ina maporomoko, msitu na hata kreta ya volkano, na unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. La muhimu ni kuipanga safari kwa uwezo wa mtoto aliye mdogo kuliko wote, si kwa hamu ya baba.

Anza na maporomoko

Kwa wenye watoto wadogo, maporomoko ya Kinukamori yanatosha. Yako karibu na Marangu Mtoni, na mwendo wake ni mfupi.

Mtoto anayeweza kutembea saa nzima bila kuomba kubebwa mpeleke Materuni, juu ya mji wa Moshi. Njia inapita kwenye migomba na mibuni, na mwisho wake maji yanaanguka kutoka kwenye mwamba wa takriban mita 80. Wenyeji hupokea wageni wakakaanga na kutwanga kahawa pamoja nao. Mpe mtoto mchi. Huenda akaikumbuka kazi hiyo kuliko mandhari.

Njiani mwonyeshe mifongo, mifereji ambayo Wachagga wameichimba na kuitunza kwa karne nyingi. Akiuliza maji yanatoka wapi, usikimbilie kusema theluji. Sehemu kubwa inatokana na mvua inayonaswa na msitu wa mlima. Maji hayohayo hushuka hadi Mto Pangani, na mwisho wake ni Bahari ya Hindi. Mtoto wa Tanga au Dar es Salaam hapo ataelewa kwa nini mti unaokatwa huku unamhusu.

Mlima uliozaliwa na moto

Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Mbili za kwanza zimekufa. Kibo imelala tu, na kwenye kreta yake bado gesi hutoka.

Wenye watoto waliotimiza miaka 10 wanaweza kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara, mita 2,700 hivi, na kurudi jioni. Kupanda huchukua saa tatu hadi nne, ndani ya msitu wenye mbega. Mwendo mfupi kutoka Mandara ipo kreta ya Maundi, ambako mtoto anaweza kusimama kwenye ukingo wa volkano ndogo. Hii ni Hifadhi ya Taifa: kuna kiingilio na ni lazima kuwa na mwongozaji. Ulizia gharama mapema na beba vitambulisho, kwa sababu raia hulipa kidogo kuliko wageni.

Joto hupungua kwa nyuzi kama sita kila unapopanda mita 1,000. Sweta na koti la mvua ni lazima, hata kama Moshi mjini kuna jua kali. Mtoto akilalamika kichwa, akitapika au akikataa chakula, msimwambie avumilie. Teremkeni.

Maji hayana mazoea

Kwenye maporomoko, mtu mzima mmoja amshike mtoto mmoja mkono. Mawe yenye ukungu wa kijani huteleza hata kwa aliyevaa raba. Anayepiga picha asiwe ndiye anayelinda watoto. Gawaneni kazi kabla ya kufika. Mvua ikinyesha juu msituni mto unaweza kujaa ghafla huku chini kukiwa kukavu, kwa hiyo mwenyeji akisema tokeni majini, tokeni bila kubishana.

Familia nyingi humalizia Chemka, karibu na Boma Ng'ombe, kwenye chemchemi ya maji ya uvuguvugu. Maji yake ni maangavu mno, na maji ya namna hiyo huonekana mafupi kuliko kina chake halisi. Asiyejua kuogelea asiingie bila boya na mtu mzima pembeni yake.

Hadithi ya Makinuka

Pale Kinukamori mtasimuliwa habari za Makinuka, msichana wa zamani aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Adhabu ilikuwa kifo, naye akaenda kwenye maporomoko akikusudia kujitupa. Alipofika moyo ukabadilika, akageuka arudi nyumbani. Nyuma yake alisimama chui. Kwa hofu alirudi kinyumenyume, akaanguka.

Mtoto wa miaka mitano anaweza kuambiwa habari za chui tu. Aliyeanza kukua anastahili hadithi nzima, na si lazima mzazi aifunge kwa mahubiri. Mkiwa mnapandisha ngazi kurudi barabarani, muulize: "Mwanangu, Makinuka angekuwa wa siku hizi, unadhani angemwendea nani?" Kisha nyamaza umsikilize. Akimtaja shangazi, au bibi, au mwalimu, usiudhike. Angalau umejua ana mtu. Akinyamaza, umejua pa kuanzia mkirudi nyumbani.